Nyota ya Mama Inapungua Alhamisi

Tuseme ukweli: habari ya nyota hakuna aliyeipokea vizuri. Kaka mkubwa alishika kichwa. Kitinda alijifanya anatafuta bisibisi chini ya meza ili uso wake usionekane.

Yote yalianzia dukani kwa Kitinda, Jumamosi moja asubuhi. Kitinda ni fundi miwani. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na limemganda mpaka leo, ana miaka arobaini na miwili na wateja wanaomwamkia. Duka lenyewe ni chumba kimoja: meza, taa ya shingo ndefu, mashine ya kusaga vioo, na droo ishirini na nne za lenzi zilizopangwa kwa namba. Rafu ya juu kabisa ilikuwa na darubini ndogo, bomba jeupe la urefu wa mkono. Mteja mmoja aliileta isafishwe ukungu, kisha akahama mji bila kuaga, na huu ulikuwa mwaka wa pili inakula vumbi.

Mama alikuja kukazwa miwani. Aliyemleta ni kaka mkubwa, ambaye ni mwalimu wa udereva. Miaka ishirini ya kukaa kando ya watu wasiojua kuendesha, mguu wake juu ya breki ya ziada, imemharibu kabisa: hawezi kuona mtu anafanya jambo lolote bila kutaka kumzuia. Familia nzima inamwita Breki, mbele yake na nyuma yake.

"Ile nini pale juu?" Mama aliuliza, kidevu kimeelekea rafuni.

"Darubini, Mama. Ya kutazamia vitu vya mbali."

"Na nyota pia?"

"Na nyota pia."

"Basi niazime. Nataka kuiangalia nyota yangu. Tangu wafunge lile bango la taa mbele ya nyumba sijaiona sawasawa, ila ule usiku umeme ulipokatika."

Breki aligeuka polepole. "Nyota yako ipi, Mama?"

"Ile inayopungua. Umeshasahau? Nimewasimulia tangu mnanyonya vidole."

Ni kweli aliwasimulia. Mama alikuwa mwoka mikate wa zamu ya usiku kwa miaka thelathini. Unga ukishakandwa na kutiwa hamira lazima uachwe uumuke, na hapo hakuna la kufanya, hata ukiubembeleza hauongezi mwendo. Wenzake walikuwa wanasinzia juu ya magunia. Yeye alitoka uani, akageuza kreti la mikate, akakaa akatazama juu. Juu ya dohani la tanuri palikuwa na nyota moja, na kando yake kinyota dhaifu alichokiita jirani. Alikuwa akisema kwamba ile nyota siku nyingi inang'aa vizuri tu, lakini kuna usiku ambapo inafifia taratibu, saa baada ya saa, mpaka inalingana na jirani yake, halafu inarudi kama ilivyokuwa. Watoto walisikiliza, wakalala. Wenzake walimwambia ni moshi.

Breki alimvuta Kitinda nje, wakasimama mlangoni.

"Umesikia, mdogo wangu? Kwanza sufuria, sasa nyota inayokonyeza."

Sufuria ndiyo iliyokuwa imemkosesha Breki usingizi. Majuma mawili na nusu nyuma, Jumanne ile umeme ulipokatika mji mzima, Mama aliacha sufuria kwenye jiko la gesi mpaka ikaungua ikawa makaa, na jirani aliyesikia harufu ndiye aliyeingia akazima. Mama anaishi peke yake, ghorofa ya tano, ya mwisho, na lifti ya jengo ilishakufa zamani. Tena mwezi huohuo alikuwa amemwita Kitinda kwa jina la shangazi yao. Breki alijumlisha.

"Kwangu chumba kipo, cha chini, hakina ngazi," alisema. "Mwisho wa mwezi namhamisha. Usiniangalie hivyo. Unataka siku moja tupigiwe simu na zimamoto?"

Mama akihamishwa kutoka pale atanyauka, hilo Kitinda alilijua. Lakini sufuria nayo aliiona kwa macho yake, aliisugua mwenyewe ikamshinda.

"Na mimi nasikia," Mama alisema kutoka ndani. "Macho ndiyo yenye miwani, masikio ni mazima. Breki, njoo hapa. Umewahi kunisikia nikisema uongo?"

"Sisemi ni uongo, Mama. Nasema ni umri."

"Haya. Alhamisi hii, saa mbili na nusu usiku, nyota yangu itakuwa imefika chini kabisa. Njoo juu ya paa uitazame mwenyewe. Isipopungua, Ijumaa asubuhi lete gari, utanikuta nimefunga mizigo, na sitanung'unika hata neno moja. Ikipungua, habari ya kunihamisha usiilete tena mdomoni."

"Nimekubali," Breki alisema palepale, haraka kama mtu aliyeokota kitu. Moyo wa Kitinda ulishuka, kwa sababu, na hili lisemwe, yeye pia hakuamini.

Hata hivyo aliiteremsha darubini. Jumapili alimaliza kuusafisha ukungu. Jumatatu alikwenda kwa Mama kumuuliza nyota inatazamwa upande gani, na Mama badala ya kujibu akamfungulia kabati la jikoni. Mlango wa kabati lile ulikuwa ubao mzee usiofanana na kabati lenyewe. Kitinda aliufungua na kuufunga miaka mingi bila kuuliza umetoka wapi.

"Ulikuwa mlango wa stoo ya unga," Mama alisema. "Walipobomoa kiwanda niliuomba. Tazama upande wa ndani."

Upande wa ndani ulikuwa umejaa mikwaruzo ya msumari, safu kwa safu, mamia kwa mamia. Kila mkwaruzo ulikuwa usiku mmoja ambao nyota ilipungua, na vidoti pembeni vilisema ni wakati wa unga upi wa usiku huo: wa kwanza, wa pili au wa tatu. Kitinda alivaa miwani yake ya kazi, ile anayotumia kutafuta mchubuko kwenye lenzi. Alitarajia fujo. Akakuta mpango. Unga wa tatu, unga wa pili, unga wa kwanza, pengo. Unga wa tatu, unga wa pili, unga wa kwanza, pengo. Hivyo hivyo mpaka chini kwenye bawaba.

"Mama, hiki ni nini?"

"Inarudi baada ya siku tatu, lakini saa tatu na kidogo mapema zaidi. Kwa hiyo inajirudisha nyuma, inajirudisha nyuma, mpaka inaangukia mchana, naipoteza. Halafu inatokea tena."

"Na kama ulikuwa moshi kweli?"

"Moshi gani unafuata kalenda, mtoto wewe?"

Kitinda akacheka. Lakini kitu kilikuwa kimeshamwingia, na njia nzima ya kurudi dukani alikuwa anajiuliza. Mtu aliyechanganyikiwa hakwaruzi hivi. Sasa huko juu kuna nini kinachozima na kuwasha kwa zamu?

"Na Alhamisi umeipataje?" alimuuliza Mama kwa simu usiku, akiwa na kalamu mkononi.

"Jumanne ya umeme ilifika chini saa nne usiku. Nenda mbele siku tatu, rudi saa tatu na dakika kumi na moja. Fanya mara nane."

Kitinda akaandika. Siku ishirini na nne mbele ni Ijumaa saa nne. Ukitoa saa ishirini na tano na nusu, ni Alhamisi, saa mbili na nusu. Alirudia mara mbili akapata vilevile. Mama yeye alikuwa amefanya hesabu hiyo kichwani huku akikazwa miwani.

Sasa, Jumatano ndipo Kitinda alipoharibu, na aliharibu kwa sababu ni fundi mzuri. Alisimama mlangoni kwake akaielekeza darubini kwenye duka la dawa la ng'ambo. Akaliona lote, milango miwili, kibao, na mtu aliyekuwa akitoka. Vyote vilikuwa kichwa chini, miguu juu.

"Ala!"

Aligeuza bomba, ikawa vilevile. Miaka kumi na minane hajawahi kumpa mteja kitu kinachoona kombo, ataanza na mamaye mzazi? Hakuuliza mtu. Alifungua droo ya sita na ya tisa, akatoa lenzi mbili, akazifunga ndani ya kibomba cha karatasi ngumu, akakichomeka nyuma ya darubini. Jaribu, sogeza, jaribu, sogeza. Saa kumi jioni herufi za kibao cha duka la dawa zilisimama wima, safi. Ni kweli sasa aliona herufi tatu tu za katikati badala ya duka zima, na zilikuwa na kiza kidogo. Lakini zilikuwa wima! Alifunga duka akipiga mluzi.

Alhamisi anga lilikuwa wazi, ila kwa mji ule wazi maana yake ni rangi ya kutu. Juu ya paa kulikuwa na matangi ya maji na kamba za nguo, na ng'ambo ya barabara lile bango likibadilika: jekundu, kijani, meno meupe makubwa ya mtu anayesifia dawa ya mswaki. Kitinda alitundika mashuka matatu kwenye kamba kuziba meno yale. Mama alikaa juu ya kreti. Breki alifika saa moja na nusu na tochi, akaanza kwa kutikisa ukuta wa ukingoni aone kama ni imara.

"Nyota zenyewe ziko wapi?" aliuliza. Akahesabu. "Saba." Moja ikakata kona, ikaenda zake kutua uwanja wa ndege. "Sita."

Mama alinyoosha mkono na kukunja ngumi. "Ile nyeupe pale kaskazini. Kutoka hapo, ngumi moja. Kwa macho hutaiona, imeshafifia."

Kitinda alielekeza, akasogeza kidogo kidogo, akizuia pumzi. Ikatokea: nukta moja ya mwanga katikati ya duara dogo la giza. Breki akainama.

"Naiona," alisema. "Mama, ipo. Inawaka."

"Na jirani yake?"

"Hakuna jirani. Ni moja tu."

Mama akatazama. Alikaa muda mrefu jicho likiwa pale. Akajiondoa, akafuta miwani kwa kanga, akatazama tena.

"Jirani yake yuko wapi?" aliuliza, lakini safari hii hakuwa anamuuliza mtu.

Bila jirani hakuna cha kulinganisha. Nyota moja peke yake gizani, nani ataapa kwamba jana ilikuwa kubwa zaidi? Saa ilikuwa mbili na dakika kumi. Mama alirudi kwenye kreti akaketi, mikono mapajani.

"Labda nimechanganya," alisema. "Labda huyo jirani nilimwota tu. Usiku ni mrefu kiwandani."

Tangu azaliwe Kitinda hajawahi kumsikia Mama akisema labda. Hata Breki hakufurahi. Aliinama akaangalia viatu vyake, kisha akamwekea Mama mkono begani, polepole, kama anavyowafanyia wanafunzi walioanguka mtihani.

"Twende chini, Mama. Baridi hii."

"Subiri," Kitinda alisema. "Mama, jirani yuko umbali gani? Nionyeshe."

Mama aliinua kidole kimoja, mkono umenyooka, jicho moja limefumbwa. "Upana wa kidole. Kidole na kidogo."

Kidole na kidogo. Kitinda aligeukia duka la dawa alilokuwa nalo kichwani. Kabla hajarekebisha, darubini ilimeza duka zima, milango miwili na kibao. Baada ya kurekebisha, herufi tatu zenye kiza. Aliona, akapuuza, kwa sababu herufi zilisimama wima. Kwani nyota ina kichwa na miguu? Ni nani mbinguni angelalamika kaonekana kichwa chini?

"Loo! Mimi ni mjinga," alisema kwa sauti. "Ni mimi niliyemfungia jirani nje!"

"Unasema nini?" Breki aliwasha tochi.

"Zima hiyo!" Mama na Kitinda walisema pamoja.

Alifanya kazi kwa kupapasa. Vidole vyake vilijua skrubu kuliko macho. Kibomba cha karatasi kikatoka, lenzi ya droo ya sita ikaingia mfuko wa kushoto, ya tisa mfuko wa kulia. Akarudisha kioo cha jicho mahali pake, akainama, akasogeza.

Duara likafunguka. Giza lilikuwa jeusi zaidi, nyota zikang'aa zaidi, na zilikuwa mbili.

Kitinda alisogea pembeni akamshika Breki mkono akamwinamisha.

Breki alichungulia, akapangusa jicho, akachungulia tena.

"Ziko mbili," alisema mwishowe.

"Enhe."

"Zinalingana."

"Saa ngapi?" Mama aliuliza kutoka kwenye kreti. Sauti ilikuwa imesharudi.

"Mbili na dakika thelathini na tano. Mama, yako ni ipi?"

"Niambie wewe. Si umesema inawaka?"

Alitazama tena. Akafumba jicho hili, akafumbua lile. Hakuweza kusema. Lakini Breki ni Breki. "Huenda zote ziko sawa siku zote," alisema. "Mbili zinazolingana si ushahidi."

"Hapo umesema neno la maana," Mama alisema, na kwa kweli alionekana kufurahi. "Kaa basi. Mimi nilikaa miaka thelathini, wewe kaa saa tatu."

Akakaa. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na kila robo saa aliinuka akachungulia. Saa tatu: bado. Saa tatu na nusu: alisema anahisi kama moja ina kitu, akasema hapana, akasema ndiyo. Kitinda naye alikuwa roho mkononi, maana saa nne ilifika na tofauti ilikuwa ya kubishaniwa. Mama hakuinuka hata mara moja. Alikuwa akitazama meno ya dawa ya mswaki yakipita kwenye shuka, akitulia kama mtu anayesubiri unga uumuke.

Saa tano kasoro robo Breki alipiga kelele mpaka mbwa wa mtaa wa nyuma akaitikia.

"Ya juu! Ya juu imeongezeka! Imemwacha mwenzake mbali!"

"Kwenye darubini ni ya juu," Mama alisema. "Angani ni ya chini. Kitinda ametuletea kitu kinachoona kichwa chini."

"Nilikuwa nimekirekebisha, Mama!"

Wakacheka wote watatu, Kitinda akifuta machozi na shuka. Breki alikuwa ameshageuka mtu mwingine, maswali yakamtoka mfululizo. Kwa nini inapungua? Nani anaizima? Mama alisema amelifikiria sana jambo hilo na anadhani ni nyota mbili zinazozungukana, moja ina mwanga mdogo, na kila ikipita mbele ya mwenzake inamziba.

"Kama lori likiovateki mbele ya taa," Breki alisema.

"Kama lori, sawa."

Halafu Breki akakumbuka. "Usiku ule wa sufuria. Ulikuwa huku juu."

"Nilikuwa huku. Umeme ulikatika, mji wote ukawa mweusi, nyota zangu zote zikarudi kwa mara moja. Ningebaki jikoni kulinda sufuria?"

"Mama, nyumba ingeungua."

"Ingeungua," Mama alisema. "Hilo ni kweli, mwanangu. Kichwa changu ni kizima, lakini sufuria niliisahau."

Breki hakuleta habari ya kuhama. Alibeba kreti, akabeba darubini, akamshika Mama mkono ngazi moja moja, na mlangoni akauliza kama vile hana haja sana, "Na mara nyingine ni lini?"

"Jumapili, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Jua litakuwa bado lipo. Hutaona kitu."

"Lakini itapungua."

"Itapungua."

Jumapili Kitinda alikwenda kwa Mama. Walikaa jikoni, dirisha wazi, jua limejaa kwenye sakafu, anga la samawati tupu bila hata dalili ya nyota. Mama alikuwa na msumari mkononi, mlango wa kabati umefunguliwa, na sufuria mpya ilikuwa inatokota jikoni. Ilipotimia saa kumi na moja na dakika kumi na tisa, simu ililia. Ilikuwa namba ya Breki. Kitinda akaweka sauti ya nje, wakasikia injini, na mwanafunzi akiuliza kwa woga amekosea wapi.

"Hujakosea popote, egesha pembeni tu," Breki alimwambia. Kisha karibu na simu: "Mama? Ni sasa?"

Kitinda alimsogezea simu. Mama alinyoosha mkono, akausitisha njiani, akageuka akazima jiko kwanza.

"Ni sasa," alisema.